Probox iliyomisi ikiwa na mzigo: uchambuzi wa kisa kimoja cha gereji

Usuli

Gari ni Toyota Probox ya petroli, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, gia za mkono, umri wake zaidi ya miaka kumi na mitano. Injini hii ndiyo iliyomo pia kwenye IST na Raum nyingi za barabarani kwetu. Ina koili nne (vifaa vinavyopandisha umeme kuwa wa volti nyingi), kila silinda na yake, na kila koili imekaa juu ya plagi, inayopiga cheche ndani ya silinda, kwenye tundu refu linalopita katikati ya tepeti kava (kifuniko cha juu cha injini). Hakuna distribyuta (kigawa umeme cha magari ya zamani) wala waya za plagi.

Kazi yake ni vitunguu. Dereva hushuka tupu kutoka Iringa mjini hadi Ruaha Mbuyuni, hupakia magunia, kisha hupanda nayo mlima Kitonga kurudi mjini. Mmiliki ni mama mfanyabiashara ambaye mara nyingi hayupo ndani ya gari. Jambo hili dogo lilichangia sana mambo kwenda mrama, tutaliona. Majina, namba za gari na tarehe vimeondolewa.

Lalamiko lilikuwa hili: gari linamisi, yaani silinda inaruka mlipuko, likikanyagwa mafuta mlimani. Likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyagwa mafuta) linatulia. Kwenye tambarare linakwenda. Taa ya injini iliwaka mara chache ikazima yenyewe.

Yaliyofanyika kabla gari halijatufikia

Gereji ya kwanza ilipokea maelezo kwa simu kutoka kwa mmiliki: "Gari halina nguvu, mlima linashindwa." Kwa maneno hayo fundi yeyote angefikiria mafuta, nao wakabadilisha pampu na chujio lake, ambavyo kwenye gari hili vyote vimo ndani ya tenki. Hali ikabaki vile vile. Wakafungua nozeli zinazonyunyiza mafuta, wakaziosha kwa mashine, wakazirudisha. Hakuna badiliko.

Gereji ya pili ilikuwa na mashine ya kupima na ikaitumia. Haikukuta kosa lolote la mfumo wa koili. Walipotoka nalo barabarani likiwa na mzigo, waliona kwamba kila likimisi sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzozi inashuka hadi karibu 0.1 V. Usomaji wa chini namna hiyo kwa kawaida unamaanisha mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta kidogo. Wakahitimisha kwamba pampu iliyowekwa na wenzao ni feki, na mama akanunua pampu ya pili. Gari likaendelea kumisi.

Hapo ndipo walipogeukia umeme. Injini ikiwa sailensa walichomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine wakisikiliza. Kila waliyochomoa, injini ilitetemeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo koili zote zikapewa cheti cha uzima. Wakafunga plagi nne mpya, na kabla ya kuzifunga fundi alizigonga ili kupunguza upenyo (nafasi kati ya ncha ambamo cheche huruka) kutoka 1.1 mm hadi kama 0.8 mm, "cheche iwe na nguvu". Gari likapona kabisa. Baada ya wiki mbili hivi misi ikarudi, tena kali kuliko mwanzo.

Mmiliki alipofika kwetu alikuwa ameshalipia pampu mbili, chujio, kuosha nozeli na plagi nne. Alikuja na swali moja: anunue injini nyingine ya mtumba au auze gari?

Mahojiano na dereva

Tulimwomba mama atuletee dereva mwenyewe. Alikuja siku iliyofuata, na katika dakika chache alitupa taarifa zilizozidi zote zilizokuwa zimekusanywa na mashine.

"Likiwa tupu, fundi, hata ulikanyage vipi linaenda tu. Nikiwa na magunia, zile kona za Kitonga, gia ya tatu, nikikanyaga linaanza kunitingisha, tu-tu-tu. Nikiachia kidogo linatulia. Nikirudi gia ya pili linapanda vizuri mpaka juu."

"Kwa mwendo ule ule?"

"Mwendo ule ule. Unajua Kitonga unakuwa nyuma ya lori, huna pa kukimbilia."

"Na ukishafika juu, huku Ilula mpaka mjini?"

"Huku halisumbui sana. Hata vile vilima vya Ilula linapita. Shida yake ni kule chini."

Jibu la kwanza lenye uzito ni lile la gia ya pili. Gari lenye mzigo ule ule, kwenye mwinuko ule ule, kwa mwendo ule ule, linahitaji nguvu ile ile, liwe gia ya pili au ya tatu. Nguvu ile ile inataka mafuta karibu kiasi kile kile kwa dakika. Pampu dhaifu ingelalamika katika gia zote mbili. Kinachobadilika ni kazi ya kila silinda kwa kila mlipuko. Kwenye gia ya tatu injini inazunguka polepole, dereva anakanyaga hadi chini, mlango wa hewa unafunguka wote, na silinda inajaa hewa na mafuta kila inapovuta. Kwenye gia ya pili mizunguko ni mingi zaidi na kila mlipuko ni mdogo. Misi iliyotoweka kwa kubadili gia peke yake ilikuwa inatuonyesha kwamba tatizo linafuata presha ndani ya silinda.

Jibu la pili, la kule chini na huku juu, tulilielewa baadaye kidogo.

Kwa nini mzigo huibua misi

Inafaa tusimame hapa, maana bila kuelewa hili fundi anabaki kubahatisha.

Injini ikiwa sailensa, mlango wa hewa umefungwa karibu wote na presha ndani ya manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) ni kama theluthi ya presha ya hewa ya nje. Ukikanyaga hadi chini inakaribia kulingana na ya nje. Silinda sasa inabana karibu mara tatu ya hewa iliyokuwa ikibana. Cheche inapata shida kuruka kwenye hewa iliyosongamana: upenyo wa plagi ambao kwenye sailensa uliridhika na volti elfu kumi hivi, sasa unaweza kudai zaidi ya elfu ishirini.

Koili nzima inaweza kutoa kiasi hicho. Tatizo ni njia. Umeme wa volti nyingi unapita pale penye upinzani mdogo, na kama pembeni mwa plagi pana njia rahisi kuliko ile ya kuruka upenyo ndani ya silinda, utapita hapo. Wakati wa sailensa njia rahisi bado ni upenyo wenyewe, kwa hiyo injini inawaka kama kawaida. Mzigo ukiongezeka, upenyo unakuwa mgumu kuliko ile njia ya pembeni. Cheche inapigwa nje ya silinda, mafuta yanatoka bila kuungua, gari linatingishika.

Mafuta nayo yana njia zake za kuleta misi ya mzigoni: presha kushuka, nozeli moja kuziba, sensa ya hewa kuwa chafu na kuidanganya kompyuta. Familia zote mbili zinaonekana pale pale, kwenye mguu mzito. Kinachotakiwa ni kipimo cha kuzitenganisha kabla mtu hajaingia duka la spea.

Uchunguzi ulivyokwenda

Tulianza na vitu visivyohitaji hela. Marekebisho ya mafuta ya kompyuta (kiasi inachoongeza au kupunguza) kwenye mwendo wa kawaida yalikuwa karibu na sifuri, maana yake sensa ya hewa haikuwa inadanganya na hapakuwa na uvujaji mkubwa wa hewa kwenye manifodi. Kompresheni (presha ya mbano) ya silinda zote nne ilikaribiana. (Ilikuwa chini kidogo ya takwimu za kitabu, lakini Iringa mjini iko takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na gari zima kabisa hapa husoma chini ya kitabu. Nimeona injini zikifanyiwa ovaholi kwa sababu ya mtu kusahau hilo.) Masega ya ekzozi (kisafisha moshi) nayo tuliyatilia shaka, kwa kuwa wiki nyingi za petroli isiyoungua huweza kuyayeyusha. Yalikuwa wazi. Na masega yaliyoziba hulikaba gari, haliwi na ile mitingishiko mikali inayofuatana.

Mashine yetu haikuweza kusoma hesabu ya misi ya kila silinda kwenye gari hili, kwa hiyo hatukuwa na njia ya mkato ya kujua silinda ipi.

Tukatoka nalo barabarani. Mlima wa Ipogolo kupanda mjini, tupu: safi. Tukapakia mifuko ya mchanga, tukarudi Ipogolo, gia ya nne, mwendo wa kama kilomita 40, mguu chini. Likatingishika mara moja au mbili tu, kwa udhaifu. Fundi aliyekosa subira angeandika "tatizo halikuonekana".

Sasa maneno ya dereva yakapata maana. Ruaha Mbuyuni iko chini ya Iringa kwa takriban mita elfu moja. Hewa ya bondeni ni nzito kuliko ya mjini kwa kadiri ya asilimia 10. Ukikanyaga hadi chini kule, silinda inajaa zaidi, presha inapanda zaidi, na plagi inadai volti zaidi. Gari lilikuwa likivuka mstari wa kumisi kule bondeni, huku juu likiishia karibu na mstari huo. Gereji zote mbili zilizotangulia zilikuwa mjini.

Uamuzi ukawa kulifuata tatizo linakoishi. Fundi wetu mmoja alipanda na dereva katika safari ya kawaida ya vitunguu, akiwa na geji ya presha ya mafuta. Injini hii haina mahali pa kuchomeka geji, kwa hiyo tulifunga kiunganishi cha T kwenye bomba la mafuta. Hosi ya geji ilipitishwa nje, chini ya ukingo wa boneti, na geji ikafungwa kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha mbele upande wa abiria, ikisomeka kutoka ndani. Kuingiza hosi yenye petroli ya presha ndani ya kabati ni kujitafutia msiba, hata kwa safari fupi.

Kwenye kona za Kitonga gari lilimisi kama dereva alivyosema. Kipimo cha kitabu cha presha ya mafuta ni kati ya 304 na 343 kPa. Geji ilisimama kati ya 310 na 320 muda wote, gari likitingishika na mshale ukiwa umetulia. Sensa ya oksijeni ilishuka tena hadi karibu 0.1 V, sawasawa na gereji ya pili ilivyoona.

Mafuta yakaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, isipokuwa nozeli moja moja, ambazo zilikuwa zimeoshwa na kupimwa karibuni.

Tulichokuta ndani ya matundu ya plagi

Koili ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka kwa urahisi, kavu. Ya tatu iligoma. Mpira wake, ule unaovikwa juu ya plagi, ulikuwa umevimba na kulainika, umeng'ang'ania plagi, na ulipotoka uliacha kipande. Chini ya tundu kulikuwa na oili nyeusi iliyofunika nusu ya plagi.

Plagi ile ilikuwa mpya, ya wiki chache. Juu ya kauri yake nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli, ukishuka wima kutoka kwenye kichwa cha plagi hadi kwenye chuma cha nati. Ulifutwa kwa kitambaa na petroli, haukutoka. Ndani ya mpira wa koili, ukiupasua, kulikuwa na mstari mwenzake mahali pale pale. Hiyo ndiyo njia ya pembeni. Umeme ulikuwa umepita hapo mara nyingi kiasi cha kuichoma kauri na kuacha kaboni, na kaboni hupitisha umeme.

Wanafunzi hulichanganya hili na doa la kahawia linalozunguka kauri karibu na chuma. Doa hilo ni la kawaida, huonekana hata kwenye plagi nzima. Cha kuogopa ni mstari wa wima.

Oili ilitoka kwenye sehemu ya gasketi ya tepeti kava inayozunguka matundu ya plagi. Ilikuwa imekakamaa kama plastiki. Na vali ya PCV, inayotoa mvuke wa oili kutoka ndani ya injini kurudi manifodi, ilikuwa imeziba. Ukiitikisa haitoi ule mlio wake wa kugongagonga. Vali hiyo ikiziba, presha ndani ya injini inapanda na kuisukuma oili ipite pale palipo dhaifu.

Maamuzi na sababu zake

Tulifunga koili mpya halisi na plagi mpya kwenye silinda ya tatu peke yake, mengine yote yakabaki yalivyokuwa, na gari likaenda Kitonga na mzigo. Halikumisi.

Wengi wangekabidhi gari hapo. Tuliamua kwanza kuurudisha ugonjwa: koili ya zamani na plagi yake yenye mstari zikafungwa pamoja kwenye silinda ya kwanza. Mama hakufurahi. "Gari limeshapona, fundi, unalirudisha bovu la nini?" Sababu ni historia ya gari lenyewe. Lilishawahi kupona kwa wiki mbili kwa plagi tu. Kupona baada ya kufunga kitu kipya kulikuwa kumeshawadanganya watu mara moja. Misi ikirudi pamoja na kile kile tulichokitoa, tena kwenye silinda nyingine, shaka inakwisha. Misi ilirudi kwenye safari iliyofuata, na dereva aliitambua kabla fundi hajasema neno.

Koili na plagi zilihamishwa pamoja kwa makusudi. Mstari wa kaboni ukiwa kwenye plagi huambukiza mpira mpya wa koili, na ukiwa kwenye mpira huambukiza plagi mpya. Ukihamisha koili peke yake, unaweza kuishia na silinda mbili zinazomisi, moja kwa ajili ya koili na nyingine kwa ajili ya plagi, ukabaki umechanganyikiwa.

Kuhusu ununuzi, mama hakuwa na uwezo wa koili nne mpya halisi, na za bei poa zilizokuwepo madukani hatukuziamini. Tulikubaliana: koili moja mpya ya silinda ya tatu, mipira mipya kwa zile tatu zilizokuwa kavu, plagi nne zenye upenyo wa kiwandani wa 1.1 mm zisiguswe, gasketi ya tepeti kava, na vali ya PCV. Matundu yote yalisafishwa na kukaushwa kwa upepo kabla ya kufunga chochote. Gasketi ilinunuliwa na mwenye gari mwenyewe, akachagua ya bei ya chini kati ya mbili.

Matokeo

Gari lilirudi kwenye vitunguu na linapanda Kitonga gia ya tatu likiwa na magunia. Taa ya injini haijawaka tena. Matumizi ya mafuta yalipungua kwa kiasi ambacho dereva alikiona bila kuambiwa.

Miezi kadhaa baadaye, katika kubadilisha oili, tulichungulia matundu ya plagi. La tatu lilikuwa na unyevu wa oili tena. Gasketi ile ya bei ya chini ilikuwa imeanza kuachia. Mpira wa koili ulikuwa bado mzima. Tukaweka gasketi halisi safari hii, na mama hakubishana bei.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi ni tafsiri ya sensa ya oksijeni. Gereji ya pili haikupima vibaya. Usomaji wao wa 0.1 V tuliuona na sisi. Lakini sensa ile hupima oksijeni iliyobaki kwenye ekzozi, petroli haiioni. Silinda ikikosa cheche, hewa yake yote inatoka bila kutumika na oksijeni yake inafika kwenye sensa. Sensa inasema "mafuta kidogo" wakati petroli imejaa kwenye bomba. Ukosefu wa mafuta na ukosefu wa cheche huandika herufi moja kwenye mashine. Cha kuzitenganisha ni geji ya presha, ambayo ni ya bei ndogo kuliko pampu moja, na kwenye kisa hiki ingeokoa pampu mbili.

Mashine kutokuonyesha kosa la koili nako kulichukuliwa kama ushahidi wa uzima. Koili za injini hii zina waya nne, na mmoja kati yao hurudisha taarifa kwa kompyuta kwamba koili imewasha na kuzima umeme wake wa ndani, ule wa volti ndogo. Baada ya hapo kompyuta haina jicho. Volti nyingi ikipotea juu ya kauri, kwa kompyuta kila kitu kimekwenda sawa.

Kipimo cha kuchomoa koili kwenye sailensa hugundua silinda iliyokufa. Silinda inayofanya kazi vizuri bila mzigo na kushindwa ikiwa na mzigo itapita mtihani huo kila mara. Afadhali wao walichomoa soketi. Wengine huinyanyua koili yenyewe kutoka kwenye plagi injini ikinguruma, na cheche isiyo na pa kwenda hutoboa insulesheni ya koili nzima. Ile mbinu ya zamani ya kufungua boneti usiku na kutafuta cheche zinazoruka nayo haisaidii hapa. Ilifaa kwenye magari yenye waya za plagi; kwenye koili za namna hii kila kitu kinatokea ndani ya tundu.

Plagi zilizogongwa zinahitaji maelezo yake. Plagi mpya ina ncha kali na kauri safi, na upenyo wa 0.8 mm unadai volti kidogo kuliko wa 1.1 mm. Vyote viwili vilipunguza mahitaji ya volti hadi chini ya ile njia ya pembeni, ndiyo maana gari likapona. Mpira mbovu na oili vilikuwa bado mle tundu, vikaendelea kuchora mstari kwenye kauri mpya. Kwa fundi aliyejua kusoma, kupona kule kwa muda kulikuwa dalili nzito kwamba tatizo liko upande wa cheche. Mafuta hayana sababu ya kupona kwa plagi. Badala yake kukasomwa kama "plagi nazo zilikuwa feki".

Mahojiano na dereva ndiyo hatua iliyozaa zaidi kuliko zote, na haikugharimu chochote. Lalamiko lilipita kwa mmiliki likafika gereji likiwa limepunguzwa hadi "halina nguvu". Gia, kona, uzito wa mzigo, juu au chini ya mlima, vyote vilikatika njiani. Kwa magari ya biashara, ambapo mwenye gari na mwenye usukani ni watu wawili, ni bora kuchelewesha kazi siku moja kumsubiri dereva.

Kurudisha ugonjwa kwenye silinda nyingine kulikula safari nzima ya Kitonga na kukaudhi mteja. Kwa gari lenye lalamiko la mara ya kwanza tusingefanya hivyo. Hapa kulistahili kwa sababu gari lilikuwa limeshapona kiuongo, na kwa sababu mteja alikuwa anafikiria kuuza au kununua injini. Alihitaji jibu lisilo na "labda".

Kilichobaki dhaifu kwenye suluhisho letu ni zile koili tatu za zamani. Mipira ni mipya lakini nyaya zake za ndani zina umri wa gari, na joto la injini halijazisamehe. Dereva ameambiwa: likianza tena kutingishika, alete gari siku hiyo hiyo na mzigo wake, kabla hajapakua.